Kabla Hujamwita Mama Mvivu, Pima Damu Yake

SEHEMU YA 1

Leo nimekuja kugombana. Nitaandika kwa sehemu, maana jambo lenyewe ni refu na mimi naandika nikitoka zamu, miguu bado inauma.

Kuna mtindo umeingia hapa mjini kwetu Ifakara. Mama amejifungua, mtoto ana miezi minne mitano, mwili umebadilika, nguo za zamani hazimtoshi. Anaambiwa nenda jimu. Akifika anapandishwa kwenye baiskeli isiyotembea, anakanyaga pedali dakika kadhaa, anahesabiwa mapigo ya moyo, halafu anapewa karatasi yenye namba. 24. Chini ya namba kuna maneno mawili: "hafifu sana". Anarudi nyumbani Kibaoni au Lipangalala na karatasi yake kwenye pochi. Mume anaisoma, wifi anaisoma, mama mkwe anasomewa. Kuanzia siku hiyo kapata jina: mvivu.

Sina ugomvi na baiskeli. Naishi kwenye mji ambao baiskeli ni kama mguu wa tatu wa mtu. Bibi wa miaka sitini utamkuta na gunia la mpunga kwenye keria anakwenda zake mashineni. Sina ugomvi na mazoezi pia, huko mbele nitayatetea. Ugomvi wangu ni na ile karatasi na haraka ya kuitoa hukumu.

Nasema hivi, na nitasimama hapohapo mpaka mwisho. Kwenye bonde letu la Kilombero, mama mwenye mtoto mdogo akipanda baiskeli na namba ikatoka mbaya, swali la kwanza siyo "unafanya mazoezi mara ngapi?" Swali la kwanza ni "damu yako gramu ngapi?"

Mtasema nesi anatia chumvi. Haya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana upungufu wa damu. Wakae wamama kumi kwenye benchi la kliniki, wanne au watano kati yao wamepungukiwa. Na hao ni wanawake kwa ujumla, siyo wale waliotoka kujifungua juzi, waliomwaga damu, wanaonyonyesha usiku na mchana. Sasa niambieni, unampandishaje mtu wa namna hiyo kwenye mashine na kumpa hukumu bila hata kumtazama kope zake kwa ndani kama ni nyekundu au nyeupe?

Kesho nitaeleza hiyo baiskeli inapima nini. Msinikimbie, siyo hesabu ngumu.

SEHEMU YA 2

Baiskeli inapima pumzi. Siyo pumzi ya mapafu peke yake. Ni ile pumzi wanayoitaja watangazaji wa mpira, kwamba dakika ya 80 fulani bado ana pumzi na mwenzake imekata. Kitaalamu ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kuchukua na kukitumia kwa dakika moja ukiwa umefika mwisho wa uwezo wake.

Fikirieni mpunga. Hewa ni shamba. Mapafu ni ghala ambako mzigo unapakiwa. Damu ni magunia. Moyo ni bodaboda inayobeba magunia, na misuli ya miguu ni mashine ya kukoboa inayosubiri mpunga ufike. Mashine ikisimama kwa kukosa mpunga, kosa linaweza kuwa popote njiani. Ghala bovu, pikipiki bovu, au magunia machache. Mtu aliyekaa mlangoni pa mashine hawezi kujua ni lipi.

Kipimo cha baiskeli kilichoenea zaidi duniani kilitungwa Sweden na watu wawili, Per-Olof Åstrand na dada anayeitwa Irma Ryhming, wakakichapisha 1954. (Baadaye wakaoana, lakini hayo siyo yetu.) Kabla yao, na mpaka leo kwenye maabara kubwa, kupima pumzi kikamilifu ni kumfunga mtu kifaa mdomoni, kukusanya hewa yote anayotoa, na kumwongezea mzigo mpaka ashindwe kabisa. Ni kazi, ni gharama, na siyo kila mtu wa kufanyiwa hivyo. Wao wakatafuta njia ya mkato: mpe mtu mzigo unaojulikana, aendeshe dakika 6, hesabu mapigo yake dakika ya 5 na ya 6, yakiwa yametulia kati ya 120 na 170, halafu kwa mchoro maalumu kadiria pumzi yake ya mwisho.

Kadiria. Shikeni hilo neno.

Mzigo unajulikanaje? Pedali mizunguko 50 kwa dakika. Kwenye baiskeli yao mzunguko mmoja wa pedali unasogeza ukingo wa gurudumu mita 6. Gurudumu limezungushiwa mkanda unaokazwa kwa uzito unaousoma kwenye mizani yake. Ukikaza kilo 1, ni 50 mara 6 mara 1, yaani 300, sawa na wati 50 hivi. Kazi hiyo inahitaji kama lita 0.9 za oksijeni kwa dakika, na hitaji hilo halitofautiani sana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo ukikuta mmoja anaifanya kwa mapigo 120 na mwingine kwa mapigo 160, unasema wa kwanza ana pumzi kubwa zaidi. Moyo wake una safari chache kwa mzigo uleule.

Ni akili nzuri kabisa, nawavulia kofia. Ila imejengwa juu ya dhana moja ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya jimu: kwamba magunia ya kila mtu ni ya kawaida.

Sasa tuone magunia. Gramu moja ya himoglobini, ile inayoandikwa Hb kwenye kadi yako ya kliniki, hubeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mama mwenye gramu 13 anabeba kama mililita 17.4 katika kila mililita 100 za damu. Mama mwenye gramu 8 anabeba 10.7. Amepungukiwa zaidi ya theluthi moja kabla hata hajakanyaga pedali. Mashine inadai lita zake 0.9 vilevile, haimhurumii. Moyo ufanyeje? Unaongeza safari. Unapiga 140, 150, 165. Na yule aliyeshika saa anaandika: pumzi hafifu, ongeza mazoezi.

Moyo wa huyu mama siyo mvivu. Unafanya kazi kuliko moyo wa mwalimu wake.

Na siyo damu tu inayopandisha mapigo. Joto letu la Ifakara, hasa chumba cha bati bila feni, linapandisha, kwa sababu moyo unapeleka damu kwenye ngozi ipoe. Kukosa maji mwilini kunapandisha, na mama anayenyonyesha akisahau kunywa maji anakauka upesi. Usiku wa kuamka mara nne. Homa iliyoanza kimyakimya. Kahawa. Hata aibu ya kutazamwa na vijana wa kiume ukiwa umevaa suruali ya kubana inapandisha. Åstrand mwenyewe hakudai kuwa njia yake ni msumeno. Makosa ya asilimia 10 hadi 15 ni ya kawaida kwenye kipimo hiki hata kikifanywa vizuri. Na mchoro wao wa mwanzo ulitokana na vijana wenye afya wa miaka 18 hadi 30 waliozoea mazoezi. Hakuna aliyekuwa ametoka kwenye arobaini.

Halafu kuna kugawanya kwa uzito, hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Namba ya kwenye karatasi ni mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Chukua mama mwenye uwezo wa lita 2 kwa dakika. Akiwa na kilo 55 kabla ya mimba, namba yake ni 36. Baada ya kujifungua ana kilo 68, moyo uleule, mapafu yaleyale, damu ileile, namba inakuwa 29. Anaambiwa pumzi imeshuka. Kilichobadilika ni mzani tu. Na upande wa pili kuna mama aliyekonda kwa njaa na minyoo. Kugawanya kwa kilo 42 kunampamba. Anapewa "wastani" na kupigiwa makofi.

La mwisho kwa leo. Ile baiskeli ya jimu unayoipanda, mzigo wake unajulikana? Nyingi nilizoziona zina kidude cha kukaza na kulegeza, basi. Hakuna kilo, hakuna wati, au kuna namba 1 mpaka 8 ambazo hazina maana nje ya mashine hiyo. Wakulima wa mpunga mnaelewa haraka hapa. Mnunuzi akija na mizani yake ambayo hakuna aliyeikagua, mnagoma. Mtoto wako kliniki hapimwi mpaka mizani isome sifuri. Kwa nini pumzi yako ikubali kupimwa kwa lumbesa?

SEHEMU YA 3

Jamani, sehemu ya pili imeleta maneno. Nimejibu niliyoweza, mengine nayaleta hapa.

Mwalimu mmoja wa mazoezi kaniandikia kwa heshima kabisa, nami namjibu kwa heshima. Anasema mazoezi yenyewe yanaongeza damu, kwa hiyo nikiwaambia wamama wasubiri ninawakatisha tamaa. Mdogo wangu, una haki nusu. Ni kweli mtu anayefanya mazoezi kwa muda mrefu mwili wake huongeza damu. Lakini chembe nyekundu zinajengwa kwa madini ya chuma, na baiskeli haina chuma cha kumpa mama, ina chuma cha fremu tu. Ghala likiwa tupu huwezi kujaza magunia kwa kumwambia bodaboda akimbie.

Na hili halijaanza leo, wala siyo maneno ya Ulaya yasiyotuhusu. Mwaka 1973 mtafiti C.T.M. Davies na mwenzake Van Haaren walichapisha kazi yao juu ya wafanyakazi wa viwandani wa Afrika Mashariki waliokuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chuma. Waliwapima wakifanya kazi ya mwili, wakawatibu, wakawapima tena. Baada ya tiba, kazi ileile ilifanyika kwa mapigo machache zaidi na pumzi yao ya juu ikapanda. Kilichowapandisha ni dawa ya damu, hawakupewa ratiba ya jimu.

Mwaka huohuo Davies alichapisha nyingine, juu ya wakata miwa wa Afrika Mashariki. Nyie wa Kidatu na Mkamba mnajua kukata miwa ni kazi ya namna gani, sihitaji kueleza. Alikuta kwamba wenye pumzi kubwa ndio kwa wastani waliokata miwa mingi zaidi kwa siku. Yaani pumzi ni mshahara. Ni chakula cha watoto. Ndiyo maana nakasirika mtu akiichukulia kama jambo la urembo na kupunguza tumbo.

Sasa nije kwa shemeji zangu. Watatu wameandika jambo moja kwa maneno tofauti: "mama yangu alijifungua, siku ya saba yuko shambani ana jembe, hakujua jimu wala Hb." Wengine mmepigia makofi. Najua simulizi hizo, kwetu pia zipo. Bibi zetu walihamia mashambani huko bondeni msimu mzima, wakakaa kwenye vibanda kulinda mpunga na ndege, maji yakijaa wakapita kwa mtumbwi, mtoto mgongoni. Wanawake wa chuma.

Lakini nikuulize shemeji. Umewahi kuwauliza hao bibi walizaa wangapi na wakabaki wangapi? Umewahi kuuliza dada zao waliofia uzazini? Waliokufa hawaandiki komenti. Anayesimulia ni yule aliyenusurika, na kunusurika kwake hakumaanishi kwamba mzigo ulikuwa wa haki. Mama yako alilima siku ya saba kwa sababu hakukuwa na wa kumlimia. Hiyo siyo sifa ya kumtungia mkeo mtihani.

Upande mwingine, wapo wamama wanaonitumia kwamba "sista asante, kumbe sina haja ya mazoezi, nina damu ndogo." Hapana! Msinigeuzie maneno. Ukihesabu 45 wenye upungufu, kuna 55 hawana. Kati yenu wapo ambao kweli pumzi imekata kwa sababu ya kukaa. Miaka ya nyuma ulikuwa unaendesha baiskeli kutoka Mlabani mpaka sokoni na kurudi. Leo bodaboda inakuja mlangoni, unakaa kwenye meza ya biashara kutwa, jioni unarudi na bodaboda. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuhemesha kidogo, na limewataja wajawazito na waliojifungua humohumo. Wewe zako ziko wapi? Ukishapimwa ukakutwa na damu ya kutosha, hapo mwalimu wa mazoezi anakuja upande wangu, na mimi nitamwachia nafasi.

SEHEMU YA 4

Hii ni ya vitendo. Isomeni mara mbili, na mtumie wifi zenu.

Anza na kipimo cha wingi wa damu. Tone la kidole, dakika chache. Mama asiye na mimba tunataka gramu 12 kwenda juu, mjamzito 11. Wajawazito wanapimwa kliniki. Tatizo ni baada ya kujifungua. Mtoto ana kadi, anapimwa uzito kila mwezi, mstari wake unachorwa. Mama anambeba huyo mtoto mpaka kwenye mizani, anarudi naye, hakuna aliyemuuliza yeye kitu. Ratiba ina mahudhurio ya mama mpaka siku ya 42, lakini wengi mkiona kitovu kimepona na nyie mnapotea. Msisubiri kuulizwa. Ukienda kumpima mtoto, sema kwa mdomo wako: "naomba na mimi nipimwe damu, nachoka." Ulimwaga zaidi ya nusu lita wakati wa kujifungua? Hiyo peke yake ni sababu.

Ikikutwa ndogo, msikimbilie juisi. Najua mtaani mnaambiwa rosela, mnaambiwa bitiruti, mpaka soda na maziwa. Rosela ni nyekundu, ndiyo, lakini wekundu wake siyo wekundu wa damu. Ina uchachu wenye vitamini C unaosaidia chuma cha kwenye chakula kifyonzwe, basi, inywe pamoja na chakula. Chai ndiyo mharibifu. Ukila mchicha, maharage au dagaa halafu ukasukumia na chai ya rangi, chuma kingi kinapita bila kuchukuliwa. Chai iache isogee kama saa moja.

Halafu ulizeni damu inakwenda wapi, maana kwetu kukosa chakula siyo sababu pekee. Kuna minyoo ya safura inayoingia kwa mguu mtupu shambani. Kuna kichocho kwenye mifereji na madimbwi. Kuna malaria, na hapa sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu 1956, ile iliyoanzishwa na Rudolf Geigy wa Basel na leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapahapa mjini kwa watoto wachanga. Kuwapa chuma kulipunguza upungufu mkali wa damu kwa zaidi ya robo. Kuwakinga na malaria kulipunguza kwa zaidi ya nusu. Walikuwa watoto, siyo mama zao, lakini mbu ni walewale. Chandarua ni dawa ya damu. Mkiambiwa hivyo mnacheka, ila ndivyo ilivyo.

Vidonge vya chuma na foliki mlivyopewa kliniki, vile mlivyoviacha kwenye droo kwa sababu vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi: choo cheusi ni kawaida yake, kichefuchefu kinapungua ukimeza usiku baada ya chakula. Maeneo yenye upungufu mwingi kama yetu, ushauri ni kuendelea wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Lakini msijinunulie chuma ovyo dukani kwa miezi bila kupimwa. Kama kwenye ukoo wenu kuna selimundu, tuambieni kwanza. Siyo kila damu ndogo ni ya chuma.

Na sasa naomba mnyamaze kidogo, hili ni zito. Kuna uchovu ambao siyo wa damu wala wa uvivu. Kuna ugonjwa wa moyo kulegea unaowapata wanawake mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na kuna valvu za moyo zilizoharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi ambazo hazijulikani mpaka mimba ije. Dalili zake zinafanana sana na "sina mazoezi". Kuhema ukipanda ngazi chache. Kushindwa kulala chali, unataka mito miwili mitatu. Kuamka usiku unatafuta hewa. Miguu kuvimba badala ya kupungua. Kikohozi cha usiku. Moyo kwenda mbio umekaa tu. Mama mwenye dalili hizi akipandishwa baiskeli na kuambiwa "komaa, usikate tamaa", tunaweza kumpoteza. Ukiwa na mojawapo, usisubiri asubuhi ya Jumatatu. Nenda hospitali, waambie ulijifungua lini, hata kama ni miezi minne iliyopita.

Baada ya hayo yote, damu nzuri, moyo mzima, sasa tupime pumzi. Hauhitaji jimu. Asubuhi kabla hujainuka kitandani weka vidole viwili, siyo gumba, chini ya kidole gumba cha mkono mwingine. Hesabu mapigo dakika nzima, andika nyuma ya daftari la vikoba. Mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100. Kisha chagua njia moja, mfano kutoka kwako mpaka kituo cha TAZARA au popote pa dakika kama 10 hadi 15, njia ileile, baiskeli ileile, saa ileile ya jioni jua likipungua, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukifika, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha mara 4. Andika. Rudia wiki hadi wiki. Baada ya wiki sita, mapigo ya safari ileile yakishuka, pumzi imepanda. Unajilinganisha na wewe mwenyewe, siyo na mchoro wa wanafunzi wa Sweden. Mkitaka namba ya kuwaonyesha wifi, waonyesheni hiyo.

SEHEMU YA 5 (MASWALI)

"Nilizaa kwa upasuaji, nianze lini baiskeli?" Kutembea taratibu ndani na uani anza mapema, ni vizuri kwa mishipa ya damu. Baiskeli subiri kidonda kipone kwa ndani na uangaliwe kwanza. Wengi ni baada ya wiki 6 na zaidi. Ukisikia kuvuta au mkojo unatoka ukikanyaga, shuka, njoo tuongee. Siyo aibu.

"Mazoezi yanakausha maziwa?" Hapana. Mazoezi ya kawaida hayapunguzi maziwa. Kiu na njaa ndizo adui. Nyonyesha kabla ya kutoka, titi likiwa jepesi unakanyaga kwa raha.

"Bibi kasema nisitoke mpaka arobaini." Msikilize bibi kwenye kupumzika, hapo ana akili kutushinda. Ila kupumzika siyo kulala kitandani siku 40. Zunguka uani, msaidie kuanua nguo. Na chandarua hata mchana ukilala.

"Naweza kusimamisha Phoenix yangu kwenye stendi nikaendesha palepale ndani?" Nimecheka lakini ni swali zuri. Utaendesha, ila gurudumu likiwa hewani halina mzigo, utakuwa unazungusha upepo. Hata ukanyage saa nzima hujafanya kazi kubwa na hujapima kitu. Ishushe barabarani. Kagua breki kwanza.

"Sista, mimi ni baba, nasoma tu. Niko Mang'ula. Mke wangu ana mtoto wa miezi mitano, amechoka kila siku, nilitaka nimnunulie baiskeli ya ndani ya mazoezi, ni wazo zuri?" Asante shemeji kwa kuuliza badala ya kuamua. Hela hiyo ishike kwanza. Wiki hii mpeleke akapimwe damu, na wewe uende naye, umbebe mtoto. Ikiwa ndogo atapewa dawa na atapimwa tena baada ya wiki kama nne. Ikiwa nzuri, baiskeli mliyonayo inatosha. Anachokosa ni nusu saa jioni ambayo hakuna anayemwita jina. Saa kumi na moja atoke nayo, akanyage kuelekea Sanje na kurudi. Wewe baki na mtoto, uji uko kwenye chupa, na ukiona analia sana mbebe mgongoni, kitenge anacho mama yake mlangoni.